Bendera Haianikwi

Mdomo huu Mungu alinipa wa kulia na wa kuombea dua, mimi nikautumia kumponza mume wangu.

Ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi. Nilikuwa kwenye chumba changu cha kushonea, chini kabisa ya jengo letu, mlango ukitazama uani. Nimeinamia cherehani, sare za shule zimenijaa mpaka magotini, mara Mwenyekiti akaingia. Mwenyekiti wa kamati ya jengo, si wa nchi, ingawa ukimwona anavyotembea utadhani dunia nzima iko chini ya kamati yake. Kabla ya kustaafu alikuwa mkaguzi wa mizani sokoni. Miaka thelathini kazi yake ilikuwa kuhakikisha kilo ni kilo kweli. Mtu wa namna hiyo humwambii "kama kilo hivi".

"Shemeji, hujambo?"

"Sijambo, Mwenyekiti. Kama ni zipu, iweke hapo juu ya meza."

"Leo si zipu. Nina swali la kitaalamu." Akafungua daftari lake, akashusha miwani puani. "Bendera, kwa mtu wa kazi yako, ni nguo au si nguo?"

Sasa mimi sipendi kuulizwa maswali nikiwa na pini mdomoni. Nikazitema mkononi, nikamjibu vile vile nilivyo: "Mwenyekiti, chochote kinachopita chini ya sindano hii ni nguo. Ukipita wewe, na wewe ni nguo."

Akaandika. Haki ya Mungu, aliandika! Kisha akanisomea kwa sauti ya mahakamani: "Fundi wa jengo amethibitisha kwamba bendera ni nguo." Akafunua ukurasa wa nyuma, akasoma tena: "Kanuni ya Saba. Ni marufuku kuanika nguo ya aina yoyote upande wa mbele wa jengo." Akafunga daftari. "Jumapili mkutano utapitisha, na lile bomba la mumeo la kupandishia bendera litakatwa. Ahsante sana, shemeji. Umenirahisishia kazi."

Akatoka. Nikabaki nimeshika shati la mtoto wa darasa la pili, mkono mmoja umeshonwa, wa pili bado.

Ili uelewe uchungu wangu, lazima nikupe habari za mume wangu. Alikuwa tarishi kwenye ofisi moja ya serikali, kazi ya kupeleka barua chumba hiki na kile. Lakini kazi yake ya kwanza kila siku ilikuwa bendera: kuipandisha saa kumi na mbili asubuhi, kuishusha saa kumi na mbili jioni. Miaka thelathini na mmoja. Mvua, jua, homa, bendera ilipanda. Na kwa kuwa ni mrefu, mwembamba, hana hata kitambi cha kusingiziwa, watu wakamwita Mlingoti. Jina likamganda. Hata mimi nikikasirika namwita hivyo.

Basi akastaafu. Wakampa saa ya ukutani, wakampigia makofi, akarudi nyumbani. Siku ya kwanza aliamka saa kumi na moja alfajiri, akaoga, akanyoa, akavaa viatu, akafunga kamba zake vizuri, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Baba, unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Siendi popote, mama. Nimevaa tu."

Ikawa hivyo kila siku. Mwezi wa pili akaacha kunyoa. Mwezi wa tatu viatu vikabaki chini ya kitanda. Chai anakunywa nusu kikombe, ukimsemesha anaitikia "ee" kama mtu aliye chumba cha pili. Mimi ni mtu wa kelele, nimezaliwa nazo. Nyumba iliyokaa kimya naiogopa kuliko mwizi. Nikampigia simu binti yetu, ambaye ni muuguzi mji mwingine. Akaniambia, "Mama, baba haumwi mwili. Mtafutie kitu cha kumwamsha."

Nikamshonea bendera. Sikushona kwa vipande vya mabaki, la! Nilikwenda kununua kitambaa kizuri, kila rangi na upana wake, pindo nikalishona mara mbili maana upepo hufumua. Nikamwekea mbele ya kikombe chake cha chai. Akaigeuza huku, akaigeuza kule, akapitisha kidole gumba kwenye mishono yote.

"Hii rangi ya chini umeizidisha," akasema. "Nusu kidole."

Nikaifumua, nikaishona upya. Sikusema neno, na wanaonijua wanajua huo ni muujiza.

Akaokota bomba la maji la zamani, akalisugua, akalipaka rangi nyeupe, akalisimamisha kwenye pembe ya roshani yetu, ghorofa ya pili, upande wa mbele unaotazama ua na barabara. Juu akafunga kapi, kile kigurudumu cha kupitishia kamba. Kesho yake alfajiri nikasikia maji bafuni. Kisha wembe. Kisha brashi ya viatu, kwaru, kwaru, kwaru. Nililala nimefumba macho nikilia kwa furaha, nikajifanya nakoroma asijue.

Na masharti yake sasa! Mwenyekiti ana kanuni kumi na nane, mume wangu anazo zaidi. Bendera haigusi chini. Hainyeshewi. Haikai nje gizani. Haifuliwi na nguo nyingine, ina beseni lake peke yake. Haipigwi pasi baada ya gaguro langu. Inapanda haraka, inashuka taratibu. Na ikiwa inapanda, wewe unayepita uani, simama. Watoto wa shule wakazoea kusimama. Muuza maziwa akazoea kushuka kwenye baiskeli. Kinyozi, jirani yangu wa chumba cha pili huko chini, akawa anavua kofia. Siku moja bendera ilimkuta Mama Pacha wa ghorofa ya nne yuko uani na ndoo ya maji kichwani. Akasimama wima mpaka mwisho, halafu akapaza sauti: "Mlingoti, nchi naipenda, lakini ndoo ni nzito! Kesho vuta upesi!"

Mume wangu akaandika kwenye kalenda: kuvuta upesi. Alikuwa amefufuka, nakwambia.

Sasa Mwenyekiti aliona mengine. Maana haikupita wiki mbili kinyozi akaenda kwake kuomba naye atundike bendera yake, yenye picha ya mkasi. Mama Pacha akaenda kuomba mbili, kwa sababu wale mapacha wake kila mmoja ana timu yake ya mpira. "Leo bendera ya taifa," Mwenyekiti akalalamika, "kesho ya timu, keshokutwa shuka la kitanda. Jengo hili litakuwa soko la mitumba!" Na kusema kweli hakuwa anadanganya, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Akaandaa karatasi ya kutaka bomba liondolewe, akapita nayo mlango kwa mlango. Watu wale wale wanaosimama wima asubuhi, jioni wakatia saini. Halafu mtu anauliza bendera fuata upepo ni nani.

Alhamisi hiyo mchana nikapanda juu kumwambia mume wangu. Nilitegemea atafoka, tufoke wote, tuteremke pamoja kwa Mwenyekiti. Akaweka kikombe chini polepole.

"Amesema ni nguo?"

"Nilisema mimi, baba."

"Wewe?"

"Mdomo ulinitangulia."

Akageuka akaitazama bendera yake nje, ikicheza na upepo bila habari. "Kanuni ni kanuni, mama," akasema. "Siwezi kutaka watu wasimame kwa kanuni zangu, halafu mimi nisisimame kwa zao. Jumapili jioni nitaishusha, niikunje."

Kisha akainama, akaanza kufungua kamba za viatu. Saa saba mchana! Nilihisi kama mtu amenikata maini. Nilijua zile kamba zikifunguliwa Jumapili hazitafungwa tena, na kilichozifungua ni ulimi wangu.

Nikawa natafuta mtu wa kugombana naye, na mtu hakukosekana. Ijumaa jioni Mwenyekiti alikuwa uani na daftari, shingo juu, akihesabu roshani zilizoanikwa nguo. Nikatoa kichwa dirishani.

"We Mwenyekiti! Utakuja kufa unahesabu sidiria za watu!"

Ua mzima ukageuka. Yeye akainua miwani, akatazama roshani yangu bila haraka. "Zako ni mbili, shemeji," akasema, akaandika. Watu walivyocheka, nilifunga dirisha nikakaa na hasira zangu ndani.

Jumamosi alfajiri, saa kumi na mbili kasorobo, mume wangu yuko roshani, kanyoa, viatu vinang'aa, kamba mkononi. Tukasikia kishindo kwenye ngazi, gudu, gudu, gudu, kisha sauti: "Jamani! Nimekufa!"

Alikuwa Mwenyekiti. Kumbe huwa anafanya na ukaguzi wa alfajiri, kwa ajili ya wale wanaoanika wakidhani amelala. Alikuwa akitazama juu badala ya chini, akakosa ngazi, mguu ukapinduka. Tulimkuta amekaa sakafuni, kifundo kimevimba kama mkate, daftari bado kwapani. Amefiwa na mkewe, watoto wake wako mbali. Mume wangu hakuuliza mara mbili. Akaniambia nimpigie simu kinyozi, kwa vile shemeji yake ana teksi, yeye akambeba Mwenyekiti mgongoni. Mzee alikuwa anatetemeka kwa maumivu na baridi, nikamfunika shuka jeupe kuanzia kichwani.

Teksi inaondoka, mume wangu akatoa shingo yake ndefu dirishani. "Mama! Pandisha wewe!"

Wewe unayesikia unaona ni jambo dogo. Ile kamba hakuwahi kumpa mtu. Mkurugenzi wa ofisi aliwahi kuiomba siku moja apigwe picha, akanyimwa. Nikapanda mbio. Nikafunga bendera kama ninavyomwona akifunga, nikakumbuka: inapanda haraka. Nikavuta. Nami nikivuta kitu navuta kweli. Kamba ikajikunja, ikajifunga fundo, fundo likaingia kwenye kapi likanasa. Bendera ikasimama katikati ya bomba. Navuta juu, haiendi. Navuta chini, hairudi. Fundi mzima nimeshindwa na fundo.

"Fundi!" mama mmoja akaita uani. "Sare za wanangu! Ulisema asubuhi!"

Nikaitazama bendera. Nikajisemea, si imepanda? Nusu si haba. Nikafunga kamba, nikateremka zangu kazini. Haraka haraka haina baraka, nimeisema hiyo methali kwa wateja mara elfu, siku hiyo sikuikumbuka. Na naapa, lile neno nusu mlingoti halikunijia kabisa. Nimelisikia redioni miaka yote wakubwa wakifa. Lakini nani angelifikiria kwa bomba la maji la zamani?

Saa nne hivi Mama Pacha akaingia, mtandio kichwani, macho mekundu.

"Fundi, una kitambaa cheusi?"

"Cha nini?"

"Vitepe. Vya kufunga mkononi."

"Nani kafa?"

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama anayeficha ugonjwa. "Usinifiche, jirani. Nimemwona kwa macho yangu toka dirishani. Mumeo amembeba, shuka jeupe mpaka kichwani. Masikini Mwenyekiti."

Nikaangua kicheko. "Mwenyekiti kavunjika mguu! Mguu tu!"

"Na bendera je?"

"Bendera imefanya nini?"

"Iko nusu mlingoti."

"Ni fundo hilo! Nimepandisha mimi, ikanasa!"

Akatikisa kichwa. "Ndivyo wanavyotuambia kwanza, ni mguu tu. Mguu tu haukai hospitali saa nne nzima. Umempigia mumeo?"

Nikapiga. Simu ikalia juu kwetu, juu ya kitanda. Mama Pacha akaziba mdomo kwa mtandio. Nje nikasikia viti vinaburutwa. Nikachungulia: safu mbili zimeshapangwa uani, watu wamekaa mikono mashavuni, na kila anayeingia anatazama kwanza kule juu kwetu, anainamisha kichwa, anatafuta kiti. Nilitaka kupiga kelele kwamba ni fundo. Lakini nilipoona nyuso zile, na mimi nikatazama juu. Bendera ilikuwa nusu mlingoti kweli. Ilining'inia hivi, haina upepo, haina raha. Nikakumbuka sauti yangu mwenyewe dirishani: utakuja kufa unahesabu. Na alikuwa anahesabu kweli! Utacheka, cheka, lakini niliiamini bendera niliyoinasisha kwa mikono yangu mwenyewe. Nikachukua mkasi, nikakata kile kitambaa cheusi, huku machozi yananidondokea.

Nikatoka na vitepe nikakaa safu ya nyuma. Watu walikuwa wanazungumza kwa sauti za chini.

"Pampu ilipokufa," kinyozi akasema, "nani alikaa na wale mafundi siku tatu, akiwatolea macho tu, mpaka maji yakapanda ghorofa ya nne?"

"Wanangu walizaliwa hawajatimia," Mama Pacha akasema. "Alikuwa anakuja kila jioni na mizani yake ya zamani kuwapima. Anawaandika kwenye daftari lile lile. Siku walipofika kilo tatu alilia kuliko mimi."

"Mimi alinikaripia kila wiki kwa kuanika mbele," mama wa sare akasema. "Lakini mvua ikinyesha nisipokuwepo, nazikuta zimeanuliwa, zimekunjwa, ziko mlangoni. Sikujua ni nani, mpaka siku moja nikamfumania kwenye ngazi, amekumbatia mashuka yangu."

Hapo nikapasuka. Maana na zangu nimezikuta zimekunjwa mara nyingi, nikadhani ni Mama Pacha. "Nilimwapiza mimi!" nikalia. "Ulimi wangu huu! Nilimwapiza mbele yenu!" Watu wakaja kunishika.

Katikati ya kilio changu teksi ikaingia uani.

Ukafunguka mlango wa nyuma. Ukatoka mguu uliofungwa bandeji nene. Ikafuata fimbo. Likafuata daftari. Kisha Mwenyekiti mzima mzima, ameegemea bega la mume wangu. Mama Pacha alipiga yowe mpaka mapacha wakakimbilia chini ya meza. Kinyozi akaanguka na kiti.

Mwenyekiti akaangalia safu za viti. Akaangalia vitepe vyeusi. Akanyoosha mgongo.

"Nani amefariki?"

Watu wakaficha mikono yenye vitepe.

"Nauliza kama mwenyekiti wa kamati. Nani amefariki katika jengo hili bila mimi kuarifiwa?"

Pacha mmoja akatoa kichwa chini ya meza. "Ni wewe, babu."

Wakati huo huo mume wangu alikuwa ameshatazama juu. Rangi ikamtoka usoni. "Mama," akasema, kwa sauti ndogo sana, "nani ameifanya hivi?"

"Fundo," nikajibu, nikimwonyesha kapi kwa kidole.

Akamkabidhi Mwenyekiti kwa kinyozi, akapanda ngazi mbili mbili, mzee wa miaka sitini na mbili. Sote tukainua shingo. Tukamwona anapanda juu ya stuli, anachokonoa kapi, anafungua fundo, anaishusha bendera mpaka chini, anaikung'uta. Kisha akaipandisha. Upesi, mpaka kileleni. Hakuna aliyemwambia mwenzake asimame, lakini viti vyote vilikuwa vitupu. Mwenyekiti alisimama kwa mguu mmoja na nusu, ameshika bega la kinyozi, kidevu juu.

Ilipofika mwisho akanigeukia. "Shemeji, umelia?"

Macho yamevimba, ningeficha nini? "Nimelia. Na machozi yangu nayataka."

"Kiasi gani?"

"Kilo, Mwenyekiti. Kilo kamili."

Alitaka kuandika, akashindwa kufungua daftari. Akasema jua linamuumiza macho, akaomba apelekwe ndani.

Jumapili mkutano ukafanyika kwenye viti vile vile, maana hakuna aliyekuwa na uso wa kuvirudisha. Mume wangu alikaa nyuma, viatu vinang'aa, mikono juu ya magoti. Asubuhi alikuwa ameniomba nimtafutie mfuko msafi wa kuwekea bendera. Nilimtafutia. Unadhani nilikula siku hiyo?

Mwenyekiti akasimama na fimbo yake. "Kanuni ya Saba inakataza kuanika nguo upande wa mbele. Fundi wa jengo alithibitisha Alhamisi kwamba bendera ni nguo."

Nikaruka. "Mwenyekiti, nafuta kauli!"

"Kaa chini, shemeji. Kilichoandikwa kimeandikwa. Nguo ni nguo."

Nikakaa. Sikuthubutu kumtazama mume wangu.

"Swali lililobaki," Mwenyekiti akaendelea, "ni hili: je, inaanikwa? Nimehesabu nguo za jengo hili miaka kumi na tisa. Shuka la Mama Pacha likining'inia nusu, hakuna anayelia. Suruali ya kinyozi ikianguka, hakuna anayetoa kiti. Jana nguo moja ilisimama mahali si pake, mkatoa viti arobaini na sita. Nimevihesabu. Mkasema mambo ambayo..." Akakohoa. "Kinyozi amenisimulia mliyosema. Sasa, nguo iliyoanikwa inangoja ikauke tu. Hii inasema na watu, na watu wanasikia, hata ikikosea. Kwa hiyo haianikwi. Inapandishwa. Kanuni ya Saba haiihusu."

Watu wakalipuka kwa makofi, wa kwanza wale wale waliotia saini. Kinyozi akanyoosha mkono. "Na yangu ya mkasi je?"

"Yako inasema nini?"

"Nyoa hapa."

"Hilo ni tangazo. Kanuni ya Kumi na Moja." Akasubiri kicheko kiishe, akafungua daftari. "Mwisho, napendekeza Kanuni ya Kumi na Tisa: bendera moja, bomba moja, na kamba haishikwi na fundi cherehani."

Ilipita kwa kauli moja. Na mimi nilinyoosha mkono. Nilipogeuka nyuma mume wangu alikuwa anapenga kamasi kwenye ule mfuko msafi.

Jumatatu, saa kumi na moja alfajiri, nikasikia maji bafuni. Wembe. Kwaru, kwaru, kwaru. Safari hii sikujifanya nakoroma, niliamka nikapika chai, nikaipeleka roshani. Chini uani palikuwa na mtu mmoja tu: Mwenyekiti, amekaa kwenye kiti cha plastiki, amevaa koti, mguu umenyooshwa juu ya stuli, daftari limefungwa.

Mume wangu akavuta. Bendera ikapanda upesi, ikafika katikati, na hapo akasimamisha mkono. Mpaka leo anaapa alikuwa anakagua fundo. Lakini nilimwona akichungulia chini.

Fimbo ikainuliwa uani. "We Mlingoti! Vuta! Juu! Juu kabisa, mimi ni mzima!"

Mume wangu akacheka. Akacheka kwa sauti, mabega yanatikisika, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu siku aliyorudi na ile saa ya ukutani. Kisha akaivuta mpaka kileleni, akafunga kamba, akachukua kikombe mkononi mwangu, akanywa chai yote.